Krismasi ya mwenye duka huanza Agosti

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KWA mnunuzi wa kawaida wa Dar es Salaam, Krismasi huanza siku mshahara wa Desemba unapoingia benki. Kwa mwenye duka dogo la nguo za watoto katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, au mwenye duka la vyakula huko Tabata, sikukuu hiyo huwa imekwishaanza Agosti, wakati hakuna mteja hata mmoja anayeifikiria.

Tofauti hiyo ya miezi minne ndiyo huamua nani atafungua duka Januari akiwa na fedha za kodi ya fremu, na nani atafungua akiwa na rundo la magauni yaliyokosa mnunuzi na mkopo unaodaiwa. Kwa wafanyabiashara wengi wa rejareja, majuma matano ya mwisho wa mwaka hubeba sehemu kubwa ya faida ya mwaka mzima. Kodi ya fremu mjini aghalabu hulipwa kwa mkupuo wa miezi sita au mwaka, mahitaji ya shule ya watoto hudai Januari, na Februari ni mwezi mkavu. Aliyekosea Desemba husubiri muda mrefu kabla ya kupata nafasi nyingine ya kufidia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kosa hilo lilikuwa na nafuu yake. Mwaka 2000 Idd el Fitr iliangukia Desemba 27, siku mbili tu baada ya Krismasi, na mwaka 2001 ilikuwa katikati ya Desemba. Mzigo mmoja wa viatu na nguo ukahudumia sikukuu mbili. Lakini kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na sikukuu hizo mbili zikaachana. Kwa mwaka 2026 na 2027 Idd el Fitr ni ya Machi, na hadi miaka ya mwanzo ya 2030 ndipo zitakapokaribiana tena. Kwa sasa gauni lililobaki Desemba 25 lina zaidi ya miezi miwili ya kukaa stoo.

Wateja hawaji siku moja

Kosa la kwanza la mgeni katika biashara hii ni kudhani kwamba wateja wote huja juma la Krismasi. Wateja wa mwanzo hufika mwishoni mwa Novemba, baada ya mshahara, nao ni watu waangalifu. Hao ni akina mama wanaonunua vitambaa na vitenge mapema kwa sababu wanajua kuwa ikifika juma la kwanza la Desemba mafundi cherehani wengi hukataa kazi mpya. Duka la vitambaa, kwa hiyo, lina Krismasi yake ya Novemba. Robota la vitenge linaloingia dukani Desemba 10 limechelewa, hata kama rangi zake ni nzuri kiasi gani.

Baada ya hao huja fedha za vikundi. Vicoba vingi na vikundi vya kuweka na kukopa vya mitaani huvunja mzunguko wao Desemba na kugawana akiba ya mwaka. Fedha hizo hufika mikononi kwa mkupuo, na mara nyingi huenda kwenye vitu vizito kuliko nguo: gunia la mchele, ndoo ya mafuta ya kula, seti ya sufuria, mapazia, godoro. Mwenye duka anayejua kikundi cha mtaani kwake kinagawana tarehe gani ana habari yenye thamani kuliko tangazo la redio, na habari hiyo hupatikana kwa kuuliza tu.

Kundi la tatu ni la wasafiri. Kuanzia katikati ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, familia zenye asili ya Kilimanjaro, Arusha, Kagera, Mbeya na kwingineko huanza kuondoka. Safari ya Wachaga kurudi nyumbani imezoeleka kiasi cha kupewa jina la utani, kwenda kuhesabiwa, na Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi hufurika. Watu hawa hununua kabla ya kupanda basi: blanketi la bibi, khanga za shangazi, viatu vya wajukuu, sukari na majani ya chai ya kugawa. Duka la Dar es Salaam linapaswa kuwa limewauzia ifikapo Desemba 20. Duka la Moshi au Himo ndipo kwanza linaanza kazi siku hiyo, na wateja wake hubaki hadi baada ya Mwaka Mpya. Mwenye duka Moshi anayewaruhusu wasaidizi wake waende likizo Desemba 26 kwa kufuata desturi ya Dar es Salaam anajipunja mwenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulijua vizuri. Duka la mtaani huitwa duka la Mangi kwa sababu wengi wa wenye maduka hayo ni watu wa Kilimanjaro, na Mangi naye huenda kuhesabiwa. Milango ya maduka mengi ya mitaa hufungwa kuanzia Desemba 20 hivi hadi Januari. Kwa yule anayebaki, siku hizo kumi na tano ni mavuno: anauza mkate, soda, vocha, kiberiti na mkaa kwa mtaa uliozoea kuwa na maduka manne. Kwa yule anayeondoka, uamuzi wa kufunga au kumwachia kijana haupaswi kungoja Desemba. Kijana anayeachiwa duka bila mzigo kuhesabiwa na kuandikwa mbele yake huachiwa pia lawama, na uhusiano wa ndugu wengi umevunjikia hapo.

Wa mwisho ni watu wa Desemba 23 na 24. Hawa hutaka bei ndogo na hawana muda wa kuchagua. Sehemu kubwa ya fedha zao huishia kwa machinga walioko barabarani, kwa kuwa mwenye fremu anayelipa kodi, umeme na mlinzi hawezi kushindana nao kwa bei saa kumi na mbili jioni ya mkesha. Kutegemea siku hizo mbili kumalizia mzigo ni kucheza kamari.

Bahari haina haraka

Sehemu kubwa ya nguo, viatu, vyombo vya plastiki, wanasesere na mapambo yanayouzwa Kariakoo hutoka China, hasa Guangzhou na Yiwu. Mzigo wa meli kutoka huko hadi bandari ya Dar es Salaam kwa kawaida huwa baharini kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Lakini bahari ni sehemu tu ya safari. Kabla ya hapo kuna siku za kiwanda kukamilisha oda, na kama mzigo ni mdogo, siku za kungoja wenzako wajaze kontena mnalochangia. Baada yake kuna ushuru, ukaguzi na foleni ya kutoa mzigo bandarini. Bidhaa zilizo katika orodha ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hutakiwa kukaguliwa hukohuko zinakotoka na kupewa cheti cha ubora. Zikija bila cheti hukaguliwa hapa kwa gharama za ziada, na siku zinapotea.

Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Novemba 15, tarehe ambayo mzigo wa Krismasi unapaswa kuwa rafuni, oda inatakiwa kutolewa Agosti na isivuke katikati ya Septemba. Kuna mtego mmoja ambao huwanasa wageni kila mwaka. Kuanzia Oktoba 1 China huwa katika mapumziko ya Sikukuu ya Taifa, ambayo huchukua takriban juma zima, na viwanda na ofisi nyingi hufungwa. Oda ya Septemba 25 kwa kweli ni oda ya Oktoba 8. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo huanza katikati ya Oktoba, ni mahali pazuri pa kuona bidhaa, ila kwa anayesafirisha kwa meli ni bidhaa za mwaka unaofuata.

Ndege hufikisha mzigo kwa siku chache, na kuna bidhaa zinazoistahili: vipodozi, saa, vifaa vya simu, mikufu, vitu vyepesi vyenye faida kubwa kwa kila kilo. Viatu vya watoto havimo. Anayevisafirisha kwa ndege ili kuwahi Desemba huwa ameikabidhi faida yake kwa msafirishaji.

Wenye maduka madogo wengi hawaagizi China wenyewe. Wao hununua kwa jumla Kariakoo, na kwao tarehe muhimu ni tofauti. Mizigo ya wauzaji wa jumla huanza kufunguliwa kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, na anayefika wakati huo huchagua saizi zote na rangi zote. Akichelewa hadi Desemba atakuwa amesimama nyuma ya wanunuzi wa mikoani na wale wa Kongo, Zambia, Malawi, Burundi na Comoro, ambao huchukua kwa dazeni nyingi na kuondoka. Kinachobaki ni saizi zisizotakiwa, tena kwa bei iliyokwishapanda. Mnunuzi mgeni hukutana pia na mawinga, vijana wanaompeleka duka hadi duka kwa malipo yaliyofichwa ndani ya bei. Wanajua mzigo ulipo na wanaokoa muda. Hata hivyo, anayenunua kila mwaka hana sababu ya kuendelea kuwalipa kwa kumwonyesha duka lilelile.

Fedha za kigeni nazo zina kauli. Mwaka 2023 na sehemu ya 2024 waagizaji walihangaika kupata dola. Vita katika Bahari ya Shamu navyo vilipandisha nauli za makontena mwaka 2024, kwani ingawa meli za Guangzhou kuja Dar es Salaam hazipiti huko, meli nyingi za dunia zililazimika kuzunguka Afrika na nafasi zikapungua kila mahali. Kisha, katika miezi ya mwisho ya 2024, shilingi ikapanda kwa kasi: dola iliyouzwa kwa zaidi ya Sh2,600 katikati ya mwaka ilishuka chini ya Sh2,500 Desemba. Aliyenunua mzigo wake wote wakati dola ilipokuwa ghali alijikuta akishindana na jirani aliyenunua baadaye kwa nafuu. Kwa duka dogo, kinga iliyopo ni kugawa ununuzi: sehemu kubwa mapema kwa bidhaa za uhakika, na fedha kidogo zibaki mkononi hadi Novemba.

Hesabu ya magauni 200

Swali gumu kuliko yote si nini kinunuliwe, bali kiasi gani. Wengi hujibu kwa macho na kwa moyo. Wanakumbuka siku moja ya Desemba iliyopita ambayo wateja waliulizia kitu kikakosekana, na wanasahau kilichobaki stoo hadi Aprili.

Mfano wa hesabu unasaidia. Tuseme duka linanunua magauni ya watoto kwa Sh12,000 na kuyauza kwa Sh18,000. Mwenye duka ananunua 200 kwa Sh2,400,000, fedha zote za mkopo wa miezi minne. Kanuni za Benki Kuu kwa watoa mikopo midogo wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, zimeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote bila kupungua, ni Sh84,000 kila mwezi, au Sh336,000 kwa miezi minne.

Akiuza magauni 150 anapata Sh2,700,000. Akirudisha mtaji na riba, amepungukiwa na Sh36,000, na magauni 50 yamelala. Ameuza robo tatu ya mzigo, duka lilikuwa limejaa watu, na bado amepata hasara ya fedha taslimu kabla hata ya kulipa umeme.

Kama angenunua 150 tu, mkopo ungekuwa Sh1,800,000 na riba ya miezi minne Sh252,000. Mauzo yaleyale ya Sh2,700,000 yangemwachia Sh648,000. Hata yule wa magauni 200 akifanikiwa kuyauza yale 50 yaliyobaki kwa Sh13,000 kila moja, bei iliyo juu ya ile aliyonunulia, anaishia na Sh614,000, pungufu ya mwenzake aliyenunua kidogo. Tena hesabu hii ni ya mkopo halali. Mikopo ya mitaani iliyobatizwa jina la kausha damu hutoza zaidi ya hapo, na wengine hushikilia kadi ya benki au vyombo vya ndani vya mkopaji.

Ndiyo maana daftari la Desemba iliyopita ni mali. Lisiandike jumla ya mauzo peke yake. Katika viatu vya watoto, kwa mfano, kinachoua ni saizi: dazeni moja huja na saizi mchanganyiko, za kati huisha ndani ya siku tatu, na za mwanzo na mwisho hubaki. Daftari linaloonyesha saizi ipi iliisha tarehe gani humwezesha mwenye duka kuomba dazeni zilizopangwa anavyotaka, jambo ambalo muuzaji wa jumla hulikubali Oktoba na hulikataa Desemba. Asiye na daftari anaweza kuanza na ujumbe wa simu wa malipo ya mwaka jana; si kamili, lakini huonyesha angalau siku zipi zilikuwa za moto.

Ipo pia njia ya mali kauli, ambapo muuzaji wa jumla humpa mteja wake mzigo kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza. Haina riba inayoonekana, ingawa bei yake huwa juu kidogo. Faida yake kubwa ni kwamba baadhi ya wauzaji hukubali kurudishiwa kisichouzwa. Makubaliano hayo yaandikwe, pamoja na tarehe ya mwisho ya kurudisha, kwa sababu Januari kila mtu hukumbuka maneno yake kwa namna tofauti. Na mali kauli hapewi mgeni. Hupewa mtu aliyenunua kwa fedha taslimu mwezi Juni, Julai na Agosti, akaonekana, akajulikana jina.

Kwa duka la vyakula

Hesabu ya vyakula ni nyepesi zaidi, maana mchele usiouzwa Desemba utauzwa Januari. Mpunga katika maeneo mengi ya nchi huvunwa katikati ya mwaka, na bei ya mchele huelekea kupanda kadiri akiba inavyopungua kuelekea Desemba. Mwenye nafasi kavu na fedha zisizo za mkopo hunufaika kwa kununua mapema. Mafuta ya kula, sukari na unga wa ngano vinahitaji uangalifu, kwani bei zake huyumba kwa sababu ambazo mwenye duka hana uwezo nazo.

Biskuti, juisi na pipi za sikukuu ni hatari kuliko zinavyoonekana. Katoni inayouzwa kwa bei ya kutupa Novemba mara nyingi hukaribia mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa ubora wa vyakula na vipodozi uko chini ya TBS, na bidhaa iliyopitwa na muda hukamatwa hata kama mwenye duka hakujua. Mizani nayo ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu. Mifuko mbadala iwekwe ya kutosha, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na mteja wa Desemba hununua vitu vingi kuliko mikono yake.

Moto, maji na ukuta

Duka dogo lenye mzigo wa Krismasi huwa na thamani mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, na mara nyingi thamani hiyo yote hurundikwa mahali pamoja. Historia ya karibuni ya jiji haimpi mtu sababu ya kulala usingizi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Soko la Karume liliungua Januari 16, 2022, na wafanyabiashara wadogo wa nguo na viatu wakapoteza kila kitu usiku mmoja. Novemba 16, 2024, majuma matano kabla ya Krismasi, jengo la maduka liliporomoka Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walikufa, na mali iliyokuwa ndani ilifukiwa pamoja nao.

Maji nayo yana msimu uleule. Mvua za vuli katika ukanda wa pwani hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Desemba 20, 2011 Dar es Salaam ilipata mafuriko makubwa kuliko yaliyokuwa yameonekana kwa miongo kadhaa, na watu wapatao 40 walikufa. Bonde la Jangwani, njia kuu ya kuingia Kariakoo kutoka Magomeni, hujaa maji mvua kubwa inaponyesha, na siku hiyo wateja wa upande huo hawafiki.

Hatua zenyewe hazina gharama kubwa. Mzigo ugawanywe sehemu mbili, hata kama ya pili ni chumba nyumbani. Stoo ya chini ya jengo iwekewe mbao ili maboksi yasikae sakafuni. Taa za mapambo za bei rahisi zisiachwe zikiwaka usiku, wala zisichomekwe pamoja na feni na friji kwenye waya mmoja. Namba ya Zimamoto, 114, iandikwe ukutani mahali ambapo hata mlinzi anaiona. Bima ya moto na wizi ipo kwa biashara ndogo, lakini mwenye duka anapaswa kuuliza mapema kama thamani iliyoandikwa kwenye mkataba ni ya mzigo wa Juni au wa Desemba. Fidia hufuata kilichoandikwa.

Fedha mkononi na fedha ya simu

Malipo kwa simu yamepunguza tatizo la chenji, ambalo zamani lilikuwa likipoteza wateja mkesha wa Krismasi. Lipa Namba ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa hufungulika kwa muda mfupi, lakini anayengoja hadi Desemba 20 huweza kukwama kwenye foleni ya usajili. Ni busara kuwa na mitandao miwili. Na noti ndogo bado zinahitajika: mwishoni mwa Oktoba 2025, kufuatia machafuko ya siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na biashara nyingi zikasimama. Aliyekuwa na akiba ya fedha taslimu na daftari la karatasi aliweza angalau kuwauzia majirani.

Msaidizi wa ziada aanze kazi mapema Desemba, si Desemba 22. Ajifunze bei, mahali bidhaa zilipo, na namna ya kusoma ujumbe wa malipo. Wapo matapeli wanaoonyesha ujumbe wa kughushi kwenye simu zao wenyewe, na wengine hutoa noti bandia katikati ya msongamano. Ujumbe unaokubalika ni ule uliofika kwenye simu ya duka.

Kuhusu punguzo la bei, hesabu ya gauni irudiwe. Faida ya Sh6,000 ikipunguzwa kwa Sh2,000, bei imeshuka kwa asilimia 11 tu lakini theluthi ya faida imekwenda. Ili kupata Sh900,000 ileile ya magauni 150, sasa yauzwe 225. Kwa wiki mbili za mwanzo wa msimu, wakati mteja ana fedha na anatafuta kilicho kizuri, punguzo ni zawadi ambayo hakuiomba. Punguzo lina mahali pake kuanzia Desemba 22 kwa saizi zilizobaki, na kwa mteja anayechukua vitu vitatu kwa mpigo.

Januari ndani ya Desemba

Wafanyabiashara wazoefu wa Kariakoo hununua Oktoba mzigo wa sikukuu huku jicho moja likiwa kwenye shule. Kiatu cheusi cha kufunga kamba na soksi nyeupe huuzwa Desemba kama nguo za Krismasi na Januari kama sare, kwa bei ileile. Gauni la kung'aa halina bahati hiyo. Mashati meupe, mabegi na madaftari yanapaswa kuwa yamenunuliwa kabla ya Desemba 15, kwa sababu katikati ya sikukuu wauzaji wa jumla nao husafiri, na rafu zinazobadilishwa Desemba 27 huwahi wazazi wanaorudi kutoka mikoani.

Serikali nayo ina tarehe zake. Kwa mfanyabiashara mwenye mwaka wa hesabu wa Januari hadi Desemba, awamu ya nne ya malipo ya kodi ya mapato hukoma Desemba 31. Fedha hizo zitengwe kutoka mauzo ya Novemba, kabla hazijachanganyika na za sikukuu. Kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa Tanzania Bara kujisajili VAT kilipandishwa mwaka 2023 kutoka Sh milioni 100 hadi Sh milioni 200 kwa mwaka, na Desemba nzuri inaweza kumvusha mtu mstari huo bila yeye kutambua. Mashine ya EFD ikaguliwe kama inafanya kazi na karatasi zake zinatosha. Kuharibika kwake siku ya msongamano huanzisha mabishano na wateja, na yakifika kwa maofisa wa kodi huwa marefu zaidi.

Kuhesabu mzigo uliobaki kufanyike Desemba 27 au 28, kabla ya rafu kupangwa upya, kila saizi na kila rangi ikiandikwa. Kazi hiyo huchukua usiku mmoja kwa watu wawili, na karatasi yake ndiyo itakayobebwa kwenda Kariakoo Agosti.